Picha Isiyojieleza: Kuweka Kumbukumbu za Korona Kathonzweni

Kupiga picha watu wa kawaida na kuwahoji kuhusu maisha yao wakati wa janga ni kazi moja yenye mikono miwili. Picha hushika sura, mahali na vitu. Mahojiano hushika sababu, hofu na mfuatano wa mambo. Mjini picha yaweza kujitosheleza: barabara kuu ya Nairobi isiyo na gari wala mtu saa mbili usiku inajieleza yenyewe. Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni, mambo hayaonekani upesi hivyo. Mwanamke anayepalilia ndengu mwaka 2020 hana tofauti machoni na aliyepalilia ndengu mwaka 2010. Njia ya vumbi iliyo tupu adhuhuri ya jua kali ilikuwa tupu hata kabla ya korona. Anayetaka kujua janga lilimfanya nini mkulima huyo hana budi kumuuliza, kisha airudie picha akiwa na jibu mkononi.

Mahali penyewe

Kathonzweni ni mji mdogo wa soko upande wa kusini wa Wote, makao makuu ya kaunti, kwenye njia ya kuelekea Makindu. Ni jina pia la wadi katika eneo bunge la Makueni. Ardhi ni kavu. Watu hulima ndengu, mbaazi, kunde na mahindi, hutunza miembe na michungwa, hufuga mbuzi na ng'ombe. Boma hadi boma pana nafasi, na kati yake pana shamba. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 987,653 katika kaunti nzima, na familia nyingi zina mtoto, mume au ndugu anayefanya kazi Nairobi au Mombasa na kutuma pesa nyumbani kwa simu.

Jambo hilo la mwisho ndilo ufunguo. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye serikali ikaagiza shule zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikapigwa marufuku kuingia au kutoka eneo la jiji la Nairobi, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikawekewa amri hiyo hiyo. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, ambayo husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei ndani ya Makueni, ilisimamishwa mwezi huo na haikurudi hadi Julai. Makueni yenyewe haikufungwa wakati huo, lakini ilibaki katikati ya milango miwili iliyofungwa, mmoja upande wa jiji kuu na mwingine upande wa pwani. Milango hiyo ilifunguliwa Julai 2020. Shule zilianza kurejea kwa awamu mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Kafyu ilibadilishwa saa mara kadhaa na ikadumu hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Kujitenga, kutengwa, kutengana

Kiswahili kina kitenzi kimoja, tenga, kinachozaa hali tatu ambazo mpiga picha na mhoji hawapaswi kuzichanganya. Kujitenga ni kukaa mbali kwa hiari au kwa ushauri wa daktari. Kutengwa ni kuwekwa kando na wengine, ama kwa amri ama kwa unyanyapaa. Kutengana ni watu waliozoea kuwa pamoja kuachana pande mbili.

Picha nyingi za dunia za mwaka 2020 zilionyesha hali ya kwanza. Marekani, mradi ulioanzia mji wa Needham, jimbo la Massachusetts, uliwapiga picha majirani wakiwa kwenye ngazi za mbele za nyumba zao, kamera ikiwa mbali. Uingereza, jumba la makumbusho la National Portrait Gallery liliwaalika wananchi watume picha zao za wakati wa zuio. Zikaja zaidi ya 31,000, zikachaguliwa 100. Mlango, dirisha na ngazi vilikuwa alama zilizoeleweka haraka, kwa sababu huko amri ilikuwa kubaki ndani ya nyumba.

Kathonzweni mlango haukuwa na maana hiyo. Shamba halina ukuta, na mvua ikinyesha hakuna anayeweza kupanda akiwa amejifungia. Mchana watu waliendelea kuchota maji, kuchunga na kupalilia. Kilichotoweka ni mikutano: soko lenye msongamano, ibada ya Jumapili, kikao cha chama cha akiba, mwethya ambamo majirani hufanya kazi kwa zamu, na zaidi ya yote mazishi. Mwezi Aprili 2020 waombolezaji waliwekewa kikomo cha watu 15. Ukambani, eneo la Wakamba lenye Makueni ndani yake, ambako mazishi hukusanya ukoo, kanisa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, idadi hiyo haikuwatosha hata watoto na wajukuu wa mzee mmoja. Waliokuwa Nairobi au Mombasa hawakuweza kufika kabisa. Basi upweke wa Kathonzweni ulikuwa hasa wa kutengana, na kutengana hakuna mlango wa kupigwa picha. Kunaonekana katika kitu kisichokuwapo.

Kutengwa nako kulikuwapo. Aliyerejea kutoka mjini kabla ya zuio, dereva wa lori la Barabara ya Mombasa, muuguzi au mtu mwenye kikohozi cha kawaida waliweza kuangaliwa kama wabeba maradhi. Hili ni gumu kuliko yote kulipiga picha, maana kamera inayomwendea mtu aliyetengwa huweza kumtangaza upya.

Maswali yanayofungua

Swali la jumla huzaa jibu la jumla. Mkulima akiulizwa kama korona ilimwathiri, atajibu ndiyo, na mazungumzo yataishia hapo. Swali zuri huanzia kwenye kitu au siku: Watoto walirudi vipi nyumbani shule zilipofungwa? Maembe yaliyokuwa tayari yaliuzwa wapi? Nani alizikwa mwaka ule, na nani hakuweza kuja? Saa moja jioni ilipofika, ng'ombe walikuwa wapi?

Tarehe pia hukumbukwa kwa namna ya mahali. Ukambani mwaka hugawanywa na mvua mbili, ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na ya pili ndiyo tegemeo kubwa la mavuno. Mtu asiyekumbuka mwezi atakumbuka kama ilikuwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna mbaazi. Simu nayo ni daftari. Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, na nafuu hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Ujumbe wa M-Pesa ambao mama hakuufuta unaonyesha siku na kiasi: lini mtoto aliyekuwa mjini aliacha kutuma, lini alianza tena, na lini pesa zilianza kwenda upande wa pili, kutoka kijijini kwenda kwa aliyepoteza kibarua Nairobi. Daftari la madeni dukani, kitabu cha chama na cheti cha chanjo hufanya kazi hiyo hiyo. Chanjo za kwanza zilifika Kenya Machi 2021.

Mhoji anatakiwa pia kuwa macho na misiba iliyopandana. Mvua za mwisho wa mwaka 2020 zilikuwa haba, na kufikia mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa imekosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Mtu anayesema kwamba korona ilileta njaa anaweza kuwa anazungumzia soko lililofungwa, mshahara uliokatika, au mvua iliyokosekana, na mara nyingi yote matatu. Mhoji mwangalifu hamsahihishi. Humwomba aeleze ni njaa ya mwaka gani, chakula gani kilikosekana kwanza, na kilikuwa kikitoka wapi.

Lugha ni sehemu ya ushahidi. Wazee wengi wa Kathonzweni husema mambo ya moyoni kwa Kikamba, hata kama Kiswahili wanakijua. Sauti ikirekodiwa kwa Kikamba huhifadhiwa hivyo, na tafsiri huwekwa kando yake bila kuchukua nafasi yake. Adabu nayo hutangulia swali. Mgeni husalimu, huuliza habari za nyumbani, hukaa anapoonyeshwa, na hamwiti mama kwa jina lake la ubatizo wakati kijiji kizima humwita kwa jina la mtoto wake. Daftari likitoka kabla ya salamu kuisha, majibu huwa mafupi kama ya mtu anayehojiwa na chifu.

Wakati wa maradhi yenyewe, umbali ulikuwa sharti. Wizara ya Afya ilihimiza mita moja na nusu, barakoa, na kunawa mikono. Mazungumzo yalifaa kufanyika nje, chini ya mwembe, simu ya kurekodia ikiwekwa karibu na msemaji na mhoji akikaa mbali. Upepo ni adui wa sauti, na kitambaa chepesi juu ya kinasa sauti hupunguza mvumo wake. Mahojiano kwa simu yalikuwa salama zaidi. Shirika la Takwimu la Kenya lilitumia njia hiyo mwaka 2020 katika uchunguzi wake wa athari za korona kwa kaya. Lakini simu humwacha nje asiyekuwa nayo, na mke anayeongea huku mume akisikiliza hawezi kusema yote.

Kamera na kile kisichoonekana

Kwa kuwa kutengana hakuonekani moja kwa moja, picha za Kathonzweni hutafuta vitu vilivyobeba pengo hilo. Godoro la bweni lililorudishwa nyumbani. Redio iliyokuwa ikitoa vipindi vya masomo. Mtungi wa maji wenye bomba uliowekwa kwenye lango la duka, mahali ambapo kila lita ilikuwa imebebwa kwa punda au mgongoni. Kaburi jipya lenye maua machache. Vitu hivi havina thamani ya kumbukumbu bila maelezo: mtungi ni mtungi tu hadi mwenyewe aseme maji yake yalitoka umbali gani na aliyanunua kwa bei gani.

Jua la Makueni ni kali, na saa sita mchana hutia kivuli kizito machoni na kwenye mashavu. Asubuhi mapema na jioni huwa na nuru laini. Mchana, kivuli cha mti au cha ukingo wa paa kinatosha, mradi uso uelekee upande wenye mwanga. Simu na kamera nyingi zikiona ukuta mweupe au mbingu angavu nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi, hufanya uso uwe giza. Dawa yake ni kuigusa sura kwenye kioo cha simu ili kipimo cha mwanga kifuate uso, au kubadilisha mandhari ya nyuma. Ni vizuri pia kupiga picha mbili za kila mtu: moja ya karibu inayoonyesha uso, na nyingine ya mbali inayoonyesha boma, shamba na umbali hadi kwa jirani.

Barakoa ilileta swali la ukweli. Kanuni za afya za Aprili 2020 ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa asiyeivaa hadharani. Vijijini mara nyingi ilikaa mfukoni, kidevuni au kwenye msumari kando ya mlango, ikisubiri safari ya sokoni. Mpiga picha anayemwambia mtu aivae ili picha ionekane ya korona ametengeneza jambo ambalo halikuwapo. Barakoa iliyoning'inia msumarini inasema zaidi, kwa sababu ndivyo watu walivyoishi nayo.

Kuna mahali ambapo janga lilionekana wazi kwa macho, na picha zake zilisafiri mbali. Katika kaunti jirani ya Kitui, kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kiligeuza cherehani zake kushona barakoa, na safu za mafundi wakiwa kazini zikawa habari ya nchi nzima. Kibera, jijini Nairobi, shirika la habari la Associated Press lilionyesha Mei 2020 wasichana waliosukwa nywele zikachongoka kama miiba ya kirusi, mtindo wa bei nafuu wakati wazazi hawakuwa na kipato. Picha hizo zina nguvu, lakini haziwezi kusimama badala ya Kathonzweni. Msomaji aliyeona Kibera peke yake angedhani korona ya Kenya ilikuwa ya msongamano, na asijue ile ya umbali.

Ruhusa, aibu na sheria

Janga la korona liliacha mafunzo machungu kuhusu sura za watu. Aprili 2020 wagonjwa wa kwanza waliopona walijitokeza hadharani kueleza yaliyowapata, na badala ya pongezi wakapata kejeli na tuhuma mitandaoni, hata picha zao za faragha zikasambazwa. Mwezi huo huo, huko Siaya, video ya mazishi ya haraka ya usiku, wazikaji wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga, ilizunguka nchini kabla familia haijapata nafasi ya kuomboleza. Juni 2020 habari ya karibu wasichana 4,000 waliopata mimba katika Kaunti ya Machakos iliwafanya wanahabari wengi kutafuta wasichana wa kupiga picha, huku takwimu zenyewe zikizua ubishi kuhusu zilivyohesabiwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, hulinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hutaka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto. Kazi za uandishi wa habari, sanaa na utafiti hupewa nafasi yake katika sheria hiyo, lakini nafasi hiyo haimwondolei mpiga picha wajibu wa kuomba. Idhini ya kweli hueleza mambo manne kwa lugha ambayo mhojiwa anaifahamu: picha itaonekana wapi, sauti itatunzwa na nani, jina litatajwa au la, na kwamba ruhusa inaweza kuondolewa kabla ya kuchapishwa. Kwa asiyesoma, idhini hurekodiwa kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini.

Kijijini, kumwarifu chifu au mzee wa kijiji ni busara, hasa nyakati za amri kali ambapo mgeni mwenye kamera hutiliwa shaka. Hata hivyo ruhusa ya chifu si ruhusa ya mwenye boma. Na mwenye boma akikubali, mkewe, mama yake na watoto wakubwa bado wana kauli yao. Mwaka 2020 kulikuwa na swali lingine la haki: mpiga picha aliyetoka Nairobi aliweza kubeba kirusi hadi kwa bibi wa miaka 80. Kijana wa hapo hapo mwenye simu nzuri, anayejua njia, lugha na misiba ya kila boma, alifaa zaidi kuliko mgeni mwenye kamera ya bei kubwa.

Jina ni jambo la kuamuliwa na mwenyewe. Picha nyingi za zamani za watu wa Afrika Mashariki zimehifadhiwa zikiwa na kabila bila jina, kana kwamba mtu mmoja anatosha kuwa wote. Kuandika jina ni heshima. Lakini kwa aliyetengwa kwa sababu ya ugonjwa, au msichana aliyepata mimba, kuficha jina na sura ndiyo heshima. Mikono inayosuka kikapu cha kyondo, au kivuli mlangoni, vinatosha kubeba maneno yake.

Kuhifadhi

Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliingia Kenya kupitia Mombasa mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na inakadiriwa kuua watu wapatao 150,000. Inayojulikana leo kuihusu imetoka zaidi katika barua na ripoti za maafisa wa kikoloni. Mama wa Ukambani aliyezika watoto wawili wiki moja hakuulizwa, na sura yake haipo. Korona ilikuta simu yenye kamera katika maboma mengi, lakini wingi wa picha si hakikisho la kumbukumbu. Simu huanguka majini, huibwa, hubadilishwa. Picha inayopitishwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa ukubwa, na maelezo yake hubaki kwenye kundi la mazungumzo lililokwishafutwa.

Kumbukumbu inayodumu huhitaji mambo machache. Faili asili hutunzwa katika sehemu zaidi ya moja, mojawapo ikiwa mbali na nyingine. Kila picha huandikiwa tarehe, mahali, jina lililokubaliwa, na sentensi moja au mbili za msemaji mwenyewe. Rekodi ya sauti huunganishwa na picha yake kwa namba ile ile. Orodha huandikwa kwenye karatasi pia, kwa sababu karatasi haihitaji chaji. Nakala moja inaweza kukaa shuleni au kwenye maktaba ya karibu, na nyingine kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, ambayo imekuwapo tangu 1965.

Nakala ya mwisho ni ya mhojiwa. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu hurudishwa bomani, na maandishi ya mahojiano husomwa mbele ya aliyeyasema. Hapo makosa hujitokeza: jina la kijiji limekosewa, mazishi yamewekwa msimu usio wake, neno la Kikamba limetafsiriwa vibaya. Hapo pia mtu huona kitu kwenye picha ambacho mpiga picha hakukiona, kama kiti kilichoachwa wazi kando ya meko, na kueleza kilikuwa cha nani. Maelezo hayo huongezwa kwenye orodha, chini ya namba ya picha hiyo.